Kiti cha Nyuma Kina Mwenyewe

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti ndani ya gari la tatu katika uwanja wa kuuzia magari yaliyotumika, goti moja juu ya kiti cha mtoto, akivuta mkanda kwa mikono miwili. Ndivyo alivyoelekezwa kliniki: kiti cha mtoto kikandamizwe kwa uzito wa mtu mzima mpaka kisitikisike. Mwosha magari alikuwa amemtandikia gunia chini ya mlango ili asichafue gauni kwa oili.

Gari la kwanza lilipokea viti viwili, cha tatu kikabaki mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. La pili lilimeza vyote vitatu, lakini mlango ukagoma kufunga. Hili la tatu lilikuwa na nafasi ya watu saba. Viti viwili vilikaa mstari wa kati, cha tatu nyuma kabisa, na bado mtu angeweza kupitisha mkono.

Pacha walikaa kwenye kivuli cha ukuta wakila biskuti. Mmoja alikuwa na nyuzi kidevuni, kwa kuwa wiki iliyopita alianguka kutoka kwenye pikipiki iliyowabeba wote watano. Kesho alitakiwa kwenda kutolewa nyuzi hizo, na Mama Pacha alikuwa ameapa kwamba hatampandisha tena mtoto kwenye pikipiki. Akiba yao ilitosha gari moja. Hawakuwa na akiba ya kukosea.

Kila mtu anajua kwamba aliyefia ndani ya gari huendelea kukaa humo, na mnunuzi mwenye akili huchungulia madirisha kabla ya kuulizia injini. Uwanja ule ulisifika kwa magari matupu. Palikuwa na mtu mmoja tu siku hiyo: msichana wa miaka sita hivi, katika gari dogo la buluu kule mwisho. Wateja wote walilipita gari lile bila kusimama.

"Chungulieni wenyewe," alisema muuzaji, aliyeitwa Tabasamu kwa sababu hakuwahi kulifunga. "Kuna mtu humu? Hamna. Gari safi kama sahani ya mkwe."

Baba Pacha, kichanga begani, alikwisha kukaa kwenye usukani.

"Linatutosha, Mama Pacha. Hata mama yako tutampakia."

"Na mama yako je?"

"Huyo atakaa mbele."

Kichanga kikaanza kulia. Jua lilikuwa kali, na gari pekee lililokuwa kivulini lilikuwa lile la buluu, basi Mama Pacha akamchukua mtoto akaenda kunyonyesha huko. Kioo kilikuwa kimeteremshwa. Mwosha magari ndiye aliyekiteremsha, ili msichana apate upepo, ingawa upepo haukuwa na kazi naye tena.

"Nipishe kidogo, mwanangu," alisema Mama Pacha.

Msichana akasogea. Alikuwa akitazama lile gari kubwa, ambako Baba Pacha alikuwa anamfunga yule wa nyuzi kwenye kiti cha nyuma kabisa.

"Asikae pale," alisema.

"Pale wapi?"

"Kulia. Pale pangu."

"Kwani gari lako si hili?"

"Hapana. Hapa naletwa asubuhi kabla hawajafungua geti. Yule babu ananibeba." Alimwonyesha mwosha magari kwa kidevu. "Ananibeba vizuri, hanibani."

Mama Pacha alimbadilisha mtoto ziwa.

"Ulikuwa umefunga mkanda?"

"Mama alinifunga mwenyewe. Ukiuvuta polepole unaonekana mzima. Tulipogonga, ukaja wote."

Mama Pacha akarudi haraka, mtoto angali kifuani.

"Mshushe."

"Kwa nini?"

"Mshushe kwanza, Baba Pacha. Kwa nini itakuja baadaye."

Alipokwisha kushushwa, Mama Pacha akaushika mkanda, akauvuta kwa nguvu, mara moja. Ukamjia wote mkononi, laini kama utepe.

"Ah, mkanda tu huo!" alisema Tabasamu. "Fundi anauweka sawa leo leo."

"Mwenye kiti hiki yuko kule. Kwa nini mmemhamisha?"

"Mama, yule hana neno. Hali, halii, hasumbui. Nimemweka kivulini kwa hisani."

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Mama Pacha. "Hiki kimejitembeza mpaka kikataka kumbeba mwanangu."

Mwosha magari alikuwa akimwagia maji gurudumu ambalo lilikwisha takata. Baba Pacha aliutazama usukani, kisha akazitazama nyuzi za kidevuni. Alikuwa amelipenda gari lile, na ilionekana. Hatimaye akashuka.

"Basi tulijaribu lile dogo."

"Lile lina mtu," alisema Tabasamu upesi.

"Lina mgeni," alisema Mama Pacha.

Aliivuta mikanda yote ya gari la buluu kwa nguvu, mmoja mmoja, na yote ikashika. Viti vilikuwa kazi nyingine. Walivipanga wakavipangua, mpaka cha kichanga kikaingia katikati kikitazama nyuma, na mwosha magari akausukuma mlango kwa bega ukafunga. Ilibidi kiti cha dereva kisogezwe mbele hadi magoti ya Baba Pacha yakagusa usukani.

"Nitaendesha kama panzi."

"Panzi hufika."

Msichana alikuwa amesimama nje, kwa kuwa hapakuwa na nafasi tena.

"Ningekuchukua, mwanangu," alisema Mama Pacha. "Unaona mwenyewe."

"Naona," alisema msichana. Akavuka uwanja, akapanda gari lake, akakaa nyuma, kulia.

Familia nyingine ilikuwa ikiingia getini: mume, mke na watoto wanne.

"Huyu mtoto je?" aliuliza yule mume, akichungulia.

"Ni wa lile la buluu," alisema Tabasamu. "Limenunuliwa sasa hivi. Amekosa pa kukaa, maskini."

Mama Pacha aliteremka. "Msidanganywe. Gari lake ni hili, na mkanda wa nyuma kulia haushiki. Uvute kwa nguvu uone."

Mume yule aliuvuta kwa adabu, kama watu wanavyovuta kitu walichokwisha kukipenda.

"Mbona mzima? Lakini asante, dada. Tumezunguka tangu asubuhi, hakuna jingine linalotutosha."

Watoto walikwisha kupanda. Mdogo wao alifika nyuma akasimama.

"Mama, kuna mtu hapa."

"Sogea, mwenzio apate kukaa."

Mtoto akakaa katikati. Msichana alibaki palepale kulia, mgongo umenyooka, mikono imeshika kingo za kiti, akamtazama kila aliyeinua kichwa kuitaka nafasi ile.

Magari mawili yakatoka, dogo mbele, kubwa nyuma. Kabla geti halijafungwa, lori lilileta jingine, jeupe, limenyooshwa bodi na kupakwa rangi upya. Tabasamu alilizunguka akachungulia madirisha, kisha akaita. Mwosha magari alifuta mikono, akaanza kuwateremsha waliokuwamo, mume na mke wazee kidogo, akiwashika viwiko wasijikwae.