Raba Bado Haijakaa

…na kidole kilikuwa juu ya kitufe, hapo usibishane nami, nilikiona kwa macho yangu haya mawili nikiwa nimesimama kizingitini, nimefuata spana yangu, na yaliyokuwa yakipita kichwani mwa fundi nayo niliyaona yote, shule niliiacha ikinililia lakini kichwa cha mtu nakisoma kama bango la barabarani: kidole cha mkono wa kushoto kimelala juu ya kitufe cha kijani cha mashine, hakibonyezi wala hakiondoki, na mwenyewe anajiambia ngoja kwanza, ngoja, raba ya mguu wa nyuma wa meza imekaa upande, unene wa wembe hivi, si zaidi, lakini unene wa wembe hapa ghorofa ya nne ni radi kule ghorofa ya tatu, na watu wa ghorofa ya tatu wana masikio… “Shemeji, utabonyeza, au tuimbe kwanza?” Huyo ndiye mwenye masikio yenyewe, jirani wa chini, muuguzi, mtu wa zamu za usiku anayelala mchana, amesimama katikati ya chumba na kanga begani, amepanda ngazi mwenyewe kuja kusema kelele hazimsumbui, kelele gani, hajasikia hata moja, anataka akerezewe mguu wa meza yake tu, na fundi anamjibu bila kugeuka, “Raba bado haijakaa, mdogo wangu,” naye, “Raba gani hiyo! Wiki ya tano inakaa tu, hata kuku angekuwa ameshaangua,” na mke wa fundi, aliyesimama na ufagio tayari kwa maranda ambayo hayajaanguka, akacheka puani, hicho kicheko anakijua, amekaa nacho miaka ishirini na sita… Wiki tano, kweli, wiki tano za kuweka mashine ambayo urefu wake haumshindi mtoto wa miaka sita aliyelala, mashine ya kukereza mbao, ndogo kuliko zote alizowahi kushika, wapagazi wawili waliipandisha wakitukana kila ngazi, ikaingia chumba cha binti yao aliyeolewa, pale pale kilipokuwa kitanda chake. Wiki ya kwanza meza, mbao nene za kubeba mtikisiko, ya pili mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini ili meza iwe nzito isicheze, ya tatu raba, vipande vinne alivyokata kwenye tairi la lori, kila mguu wa meza na kiatu chake, kimoja kilikatika kombo akasema kisu butu, ya nne pazia la nailoni la kuzuia maranda yasiruke hadi kwenye shuka za mama watoto, na ya tano… ya tano amefanya nini, amelegeza alivyokaza, akakaza alivyolegeza, mtu akiuliza, raba, akiuliza tena, raba, na kila mtu anamhurumia, jamani fundi anavyojali majirani! “Asiyejua kucheza husingizia uwanja,” anasema jirani, anatania tu, lakini neno limeingia pale pale linapouma, kwa sababu mkono ule mwingine, wa kulia, huo hapo pembeni ya paja, umeanza tena kucheza… kidogo, kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka. Ulianza kule karakana alikokuwa akifanya kazi, mwezi wa mwisho, akalaumu mota, akafungua mota, mota nzima, akalaumu baridi, kisha akalaumu kikombe, kikombe kizito hiki, mama watoto, nani alinunua vikombe vizito hivi, na ilipokuja habari kwamba karakana inavunjwa pawe maegesho ya magari, wenzake wakashika vichwa, yeye pia akashika kichwa, lakini moyoni alishukuru, alishukuru, kisha akaona haya kwa kushukuru, miaka thelathini na moja ya kukereza unaishukuru nyundo inayobomoa ukuta wako? Sasa kipande cha mti kimeshafungwa kati ya ncha mbili, kimenyooka, pembe zake nne bado kali, ukikibonyeza kitufe mti utazunguka, ukizunguka itabidi patasi iguse, na patasi hailetewi utani, mgongo wake ulale kwanza juu ya mti ndipo makali yashuke, ukitangulia kushusha makali, yanauma vibaya, mti unachomoka, na hapa wako wanawake wawili na mjinga mmoja mlangoni (ndiye mimi, sikukasirika), nao wataona, watajua, na mtu akishajua hawezi kujifanya hajui… Maadamu mashine haijawashwa, yeye bado mkereza. Basi ndiyo hivyo, ndiyo raba hiyo, amechoka, amechoka kukaza nati zilizokaza, amechoka kupokea kikombe kwa mikono miwili kama mgeni ndani ya nyumba yake, “Baba watoto,” anaita mkewe, polepole, “mwenzio ana zamu saa kumi na mbili,” na jirani, “Mwache dada, mimi na meza yangu tumezoea, tunakula, sahani ikiteleza tunaifuata,” wakacheka, akacheka nao, halafu, hata hajui kwa nini sasa hivi, akamwona Kiuno akilini. Kiuno, mwalimu wake wa kwanza, mzee mmoja mwembamba, jina walimpa wao kwa jinsi alivyofanya kazi: mpini wa patasi anaukandamiza kwenye nyonga, kiwiko amekibana mbavuni, haendeshi patasi kwa mkono hata siku moja, anaiendesha kwa mwili mzima, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni, na wao wanagenzi wakamwiga, nani asingemwiga, wakishindana nani anayumba vizuri, mji mzima ukaijua karakana yao kwa kuyumba, mkewe enzi hizo za uchumba akipita dirishani anauliza, “Mnachonga miguu ya vitanda au mnafundishwa ngoma?” Baadaye akaacha, akaona ni madaha ya kizee, akajivunia mkono wake ulionyooka… na yule mzee, mbona hakuwahi kunywa chai mbele yao, chai baadaye, chai baadaye, mpaka inapoa, na hati za mbao zikija, “Weka sahihi wewe, kijana, mimi sina miwani,” na miwani iko pale pale juu ya kipaji, wakamcheka, mzee anasahau, na mkono wake wa kulia akiwa hana kazi uko wapi? Mfukoni. Daima mfukoni… Lahaula. Mzee wa watu alikuwa akitetemeka. Alitetemeka miaka yote ile mbele ya macho yao, akautafutia mkono pa kuegemea, akaegemea nyonga, nao watoto wa watu kumi na tatu, wazima kama chuma, wakaiga maradhi wakidhani ni ufundi, na… ngoja… na bakuli zilitoka laini kama nini, nguzo za ngazi zile bado zimesimama, basi yalikuwa maradhi au ulikuwa ufundi, nani atazitenganisha leo? Alitaka kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi, jirani akauliza, “Kumekucha, shemeji? Raba imekaa?” na yeye, akitazama mti, akasema, “Haijakaa. Haitakaa hiyo,” akasikia sauti yake imesema hivyo na paa halijaanguka, bado uchovu ule ule mabegani, bado mkono ule ule unacheza, hakuna kilichopona hapa, lakini kiwiko, bila kuambiwa, kimeanza kusogea kutafuta mbavu, taratibu, kwa haya, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyoiacha kwa majivuno, na mkewe akaegemeza ufagio ukutani akasema, “Ukitoka umepinda tutauita mguu uliopinda, meza itasimama vivyo hivyo,” na kidole kiko palepale, juu ya kitufe cha kijani, nacho hakijabonyeza.

Yote hayo nimeyaona mwenyewe, nipeleke popote nitaapa, ila hayo maneno ya mwisho ya mkewe nimeyatia mimi. Yeye aliinua patasi mezani, akaishika upande wa chuma, akamgeuzia mumewe mpini ukaelekea nyonga yake.