Unyakuo wa Saa Nne

Jumanne moja, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Mapenzi alikuwa akipangusa kamba ya nguo kwa kitambaa kilicholowa. Changamwe, nyuma ya ukuta wa uwanja wa ndege, huaniki nguo kabla ya kupangusa masizi. Ng'ambo ya ukuta, Kampuni ya ndege ya Tai ikaanza kujaribu injini zake, kama kila siku. Jirani wa Mapenzi, Ziro, muuza pombe ya mnazi, akainuka pamoja na kigoda chake, akapita dirisha, akapita paa, akatulia juu ya mabati na kata yake mkononi.

"Mapenzi," akaita, "huku juu kuna upepo mzuri!"

"Unyakuo!" mtu akapiga kelele, na mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe. Watu walikimbilia Biblia na viatu vya Jumapili. Waliokosana waliombana radhi mbiombio. Rispa alizima jiko kwanza, asije akaenda mbinguni akaacha nyumba inaungua. Watu kumi na saba wakapaa, wakipiga vigelegele na kupungiana mikono. Raha iliyoje! Baada ya robo saa injini zilizimwa, wakashuka taratibu. Ziro hakumwaga hata tone. Kesho yake ikawa vilevile, na kila siku baadaye.

Kilichowaudhi wacha Mungu ni mpangilio wa unyakuo huo. Mchungaji Morgan, mtu wa kufunga na kukesha, aliishi Mikindani, mbali na ukuta, na hakuinuka hata ukucha. Ziro, anayeonekana kanisani kwenye harusi tu, alikwenda juu kuliko watu wazima wote kwa sababu nyumba yake imeegemea ukuta. Mchungaji alisali wiki mbili, kisha akahamia chumba cha jirani na Ziro. Mwezi wa tatu akainuka shubiri moja. Alilia kwa furaha, na waliomwona wakalia naye.

Mapenzi hakupaa. Kila saa nne alikumbatia nguzo ya mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alishika pindo la leso aliyomfunga binti yake kiunoni. Judy alikuwa na miaka mitatu na aliwapita wote. Kila alipokohoa alipanda kidogo, na wanawake wakamshangilia, mtoto mteule.

Muuguzi Sarah alimpima mteule huyo kifua. "Dada, sitakuficha," alisema. "Ni masizi ya zile injini, yameshika mapafu. Dawa nitakupa, lakini akiendelea kuvuta moshi huu, hafiki Krismasi."

Mapenzi hakuwa na pengine pa kumpeleka. Alitaka jambo moja tu: injini zijaribiwe upande wa pili wa uwanja, kwenye mikoko, asikoishi mtu. Aliandika barua sita. Ya sita ikajibiwa. Afisa wa kampuni angekuja Alhamisi kuwasikiliza wakazi, na akipatikana mlalamikaji hata mmoja, injini zingehamishwa.

Mmoja! Mapenzi alirukaruka jikoni, akambusu Judy mpaka mtoto akachoka. Huyo mmoja alikuwa yeye.

Alhamisi watu walijaa nje ya kanisa, kwenye viti vya plastiki. Afisa, kijana mpole aitwaye Dancun, aliomba radhi kwa kuchelewa, akafungua daftari.

"Shikamooni wazee. Swali langu ni moja. Anayelalamikia moshi huu, asimame."

"Mwanangu," alisema Mchungaji Morgan, "tafadhali usitunyang'anye baraka."

Watu wakaitikia. Mapenzi hakuwajali. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Alijifunga Judy mgongoni vizuri, akaweka miguu yote miwili chini, akasimama. Ilikuwa saa nne kamili. Injini zikawaka, na pale nje hapakuwa na nguzo.

Alipaa kabla ya wengine, kwa sababu ya Judy. Kisha wakafuata wote, wazee kwa watoto, wakiimba.

"Nimesimama!" Mapenzi alipiga kelele akipita paa la kanisa. "Kaka, andika! Mimi nimesimama!"

"Amina!" wakamwitikia walio karibu naye.

Judy akakohoa, wakazidi kwenda juu. Dancun, aliyekuwa mwangalifu na kazi yake, alibaki chini akitazama viti vitupu safu kwa safu, mara mbili, asije akamdhulumu mtu. Kisha akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba hakuna aliyesimama.