Wifi Amezima

Wifi yangu alikuja kututembelea kwa siku tatu. Hii ni wiki ya nne. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema, lakini hao wahenga hawakuwahi kumpa jembe dada mkubwa wa mume, mwenye mgongo mbovu na mdomo mzima.

Mimi ni mpokea simu wa kampuni ya bima. Mtu akigongwa, akiibiwa, akiunguliwa, ananipigia mimi, ananitukana, nampa pole, namfungulia faili. Kazi hiyo nilikuwa naifanyia chumbani, kati ya kabati na kitanda cha mtoto, hedifoni kichwani. Mtoto ana miezi saba na ananyonya. Kampuni ilinipa miezi mitatu ya majaribio: nikifaulu, nabaki kufanyia kazi nyumbani, nikishindwa, narudi ofisini, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, natoka mtoto amelala, narudi mtoto amelala. Ofisi yenyewe ina choo kimoja kwa watu arobaini, kona ya kukamulia maziwa hakuna. Sharti lilikuwa kwamba nisipotee hewani zaidi ya dakika kumi mara tatu. Mara mbili zilishakwenda, moja umeme, nyingine mtoto alitapika. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya majaribio.

Haya yote wifi aliyajua. Nilimweleza kwa upole, nikamweleza kwa ukali, nikamtuma mume wangu, ambaye aliyafikisha maneno yangu yakiwa yamepoa kama chai ya jana. Kwa wifi, kazi ni kutoka. Unaoga, unavaa, unabeba mkoba, majirani wanakuona. Mtu aliyekaa chumbani na kandambili akisema "pole sana mteja" hana kazi, ana maongezi.

"Ukimaliza kupiga soga na mashoga zako, vyombo vinakungoja," aliniambia siku moja mlangoni, mteja akiwa hewani. Mteja akauliza vyombo gani tena, yeye kilichoibwa ni gari.

Nikabandika karatasi mlangoni: NIKO KAZINI. Wifi akaibandua, akaandika nyuma yake vitunguu, sabuni na mafuta, akanipa niende sokoni.

Basi Ijumaa, saa nane mchana, zimebaki saa tatu tu. Hewani nilikuwa na mzee aliyeunguliwa na duka la ushonaji. Alikuwa ananitajia vilivyoteketea, kimoja kimoja, na amefika cherehani ya pili, sauti ikakatika. Skrini ikaganda. Nikatoka mbio hadi sebuleni. Kisanduku cha intaneti kimezimika, waya wake uko sakafuni, na kwenye tundu la umeme imechomekwa pasi. Wifi alikuwa ananyoosha mapazia. Mapazia!

"Wifi, umechomoa nini?"

"Si hiki kidude kinachomwekamweka? Kinakula umeme bure. Ngoja nimalize hili moja."

Nikachomoa pasi. Akaichomeka. Nikaichomoa tena, nikautoa mkono wake pale ukutani, na sikuutoa kwa adabu.

"Unanipiga? Nyumbani kwa kaka yangu?"

Akavuta kochi, akalisukumia ukutani mbele ya tundu, akaketi. Ule mgongo ambao hauwezi kuinua ndoo ulilivuta kochi la watu watatu. Akasema haondoki hapo mpaka kaka yake apigiwe simu. Nikampigia, hakupokea. Nikambembeleza, nikamtukana, nikalia. Alikuwa anaangalia kucha zake.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni msimamizi wangu, mwanamke mwenye watoto wanne: "Umepotea dakika kumi na nne. Sababu?"

Nikaandika: "Wifi amezima."

"Wifi IMEzima," akanisahihisha. "Na kisingizio cha mtandao wiki hii nimekisikia kwa watu tisa."

"Si imezima. AMEzima. Ana miguu miwili na amekalia kochi langu."

Vile vidoti vya mtu anayeandika vikatokea, vikapotea, vikatokea tena. Nikapata matumaini. Nilisema moyoni, huyu ni mwanamke mwenzangu, amecheka, ameelewa, naye bila shaka anaye wa kwake.

"Pole," akaandika. "Fomu haina sehemu ya wifi. Jumatatu saa mbili kamili, ofisini."

Jioni mume wangu alirudi, akatukuta kila mmoja na kona yake.

"Dada hakujua," akasema.

"Alijua! Wifi, kazi nilikuwa nayo. Umeninyang'anya."

"Kazi gani hiyo inayokufa ukichomoa waya?" akasema wifi.

Mume wangu akatazama viatu vyake. Wifi nilimchukia, lakini yeye nilimchukia zaidi, maana wifi angalau alikuwa na la kusema.

Nikawaambia Jumatatu naanza kwenda ofisini. Wifi akasimama, uso umemchangamka, akanishika mabega yote mawili. "Mungu mkubwa! Sasa ndiyo umepata kazi. Na mtoto usihofu, nitabaki mimi." Akawapigia simu ndugu wote wa mume kuwatangazia kwamba mke wa kaka ameajiriwa. Wengine wakaomba wanipongeze. Nikapongezwa.

Jumamosi nikaanza kumwachisha ziwa mwanangu. Kikombe alikigomea. Kila aliponisikia aligeuza kichwa kunitafuta, maziwa yakamwagika shingoni. Wifi akachukua kikombe, akanifukuza niingie chumbani. "Na usitie neno huko! Akisikia sauti yako hanywi."

Nikakaa kitandani, mlango umefungwa, mimi ninayelipwa kwa kuongea, nimeziba mdomo kwa kiganja. Matiti yalikuwa magumu, yanauma, na blauzi imelowa mpaka tumboni. Mtoto alilia karibu saa nzima. Kisha akanyamaza.

"Wifi!" akaniita kwa furaha ya kweli. "Njoo uone, amekunywa yote!"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule.