Mheshimiwa Anusa Okidi

Baba Jelian, mkuu wa nyumba ndefu ya milango ishirini na miwili, kila mlango familia yake, ukingoni mwa mto Melupa, alitembea wiki nzima kifua mbele. Mheshimiwa Lawing, mlezi wa Chama cha Wapenda Okidi, alikuwa anakuja Jumamosi kuzindua wiki ya maua ya msituni. Mheshimiwa huyohuyo ndiye aliyeidhinisha kilima cha ng'ambo ya mto, kilichojaa okidi za kila namna, kikatwe magogo. Sasa kwa okidi moja alikuwa anakuja na wapiga picha wanne.

Okidi yenyewe Baba Jelian aliijua. Ilijizungusha kwenye shina la mti karibu na kijito, majani yake mapana kama ungo yakikinga takataka zote zilizoanguka kutoka juu. Safari hii ilikuwa imetoa kichala cha vitumba.

"Ile usiilete nyumbani," mkewe alimwambia. "Tunapita pale kila siku. Umewahi kuona mwanamke ameichuma?"

"Mama Jelian, wewe shughulika na mpunga wako. Uongozi niachie mimi."

Akaibandua kwa panga, akaipigilia kwa msumari kwenye nguzo ya barazani, nyuma kabisa ya kiti cha mgeni.

Jumamosi asubuhi maua yalifunguka. Baraza likanuka mzoga. Baba Jelian akafukuza mbwa, akamwaga mtungi wa samaki wa kuchachusha wa mkewe, akamwamuru shemeji yake akaoge tena.

"Nimeoga mara mbili!" shemeji akalalamika. "Nenda kanuse ua lako."

Alipolinusa, boti ya mgeni ilikwisha tia nanga. Msumari nao ulikataa kung'oka.

Mheshimiwa akaketi. Nzi wakaja kundi zima. Kwa adabu, wenyeji wakadhani labda harufu ni ya mgeni, na wageni wakadhani ni ya chakula.

"Ndugu zangu," Mheshimiwa alihutubia, machozi yakimtoka, "mimi nimekua na maua haya. Harufu yake ndiyo harufu ya utoto wangu!"

"Pole sana, mwanangu," akasema bibi mmoja kutoka nyuma.

"Mheshimiwa, hebu linuse tukupige picha," mpiga picha akaomba.

Akainama, akavuta pumzi kwa nguvu. Picha ikapigwa. Kisha akageuka na kutapika ndani ya upatu uliopigwa kumkaribisha, akashushwa botini amebebwa mabegani. Nguruwe aliyechomwa kwa ajili ya wageni aliliwa na wenyeji peke yao, wakicheka mpaka mbavu zikawauma. Baba Jelian hakula. Alikaa amejiinamia kama mtu aliyefiwa.

Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba Mheshimiwa alitokwa na machozi kwa uchungu wa mazingira.

Baba Jelian aliirudisha okidi mtini, akaifunga kwa kamba. Ikanyauka. Mwezi uliofuata matingatinga ya wakata magogo yakavuka kijito, na mti wenyewe ukaenda. Hakumuaga mtu: alipanda boti hadi mjini, akaingia ofisini kwa Mheshimiwa akiwa amekunja ngumi.

"Hayupo," karani alimjibu. "Amekwenda ng'ambo kupokea tuzo ya kulinda okidi."

"Akirudi mwambie nimekuja."

"Nimwambie ni nani?"

Baba Jelian alitaka kutaja cheo chake, akaona aibu.

"Mwambie wa kule kwenye harufu ya utoto wake."