Mota Mpya na Nusu ya Sylus

Fundi Mwendwa alipoingia karakana ya Mama Koki pale Voi na mota mpya ndani ya gunia, Sylus alimkaribisha kwa heshima zote, huku moyoni akitamani angepotea njia.

Si kwamba Sylus alikuwa na roho mbaya, jamani. Aliiendesha ile mashini ya kuchonga vyuma, inayofuata vipimo vya kompyuta, tangu bintiye Wendy hajaanza shule, na sasa Wendy alikuwa sekondari. Mashini ilikuwa kuukuu, ilifika nchini ikiwa tayari imechoka. Mama Koki alishasema wazi: mota mpya na draiva zake, yaani visanduku vya umeme vya kuziongoza, zikishindwa, anaiuza chuma chakavu, na Sylus arudi Bura akalime kabeji. Na zikiweza? Hapo ndipo Sylus alipokosa raha kabisa. Mashini isiyo na matatizo ingemhitaji yeye wa nini?

Mwendwa alifungua mota za zamani, akafunga mpya, akaunganisha nyaya za draiva, akawasha. Meza ya mashini ikateleza kimya. Sylus, aliyezoea mikoromo, alidhani stima zimepotea.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya watu wa Marungu: kipande cha kuunganisha mota na pampu yao ya maji. Nzomo, mwenyekiti wa mradi, alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda akikingoja, na kule nyumbani ng'ombe wakimngoja yeye. Sylus aliingiza vipimo, chuma kikachongwa. Mwendwa akachomeka kabari, kile chuma kidogo cha kukaza kipande kisizunguke bure, kwenye mfereji wake. Ikacheza kama jino la mtoto.

"Ai! Hii itazungusha pampu kweli?" Nzomo akauliza.

Mama Koki aliketi kwa uzito. "Basi. Nimejaribu."

"Mota ziko sawa," Mwendwa alisema, sauti imepanda. "Zinaenda pale zinaambiwa."

Mama Koki akainua kichwa. "Baba Wendy, umeziambia ziende wapi?"

Sylus alitazama skrini, masikio yakawaka moto. Mota za zamani, kila zikirudi, zilikuwa zikiishia njiani, nusu milimita kabla ya kufika. Kwa hiyo yeye aliiongeza hiyo nusu katika vipimo, kila kazi, bila hata kufikiri, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba yake. Na leo pia aliiongeza. Mota mpya zikatii, mfereji ukapanuka.

"Nimeweka nusu yangu, Mama Koki. Ile ya kila siku."

"Nusu gani tena?"

Akamweleza. Mwendwa akaangua kicheko. "Kumbe umekuwa ukiibeba hii mashini mgongoni, boss!"

Mama Koki hakucheka. "Hata zile gia za Werugha?"

"Hata hizo."

"Na hakuna kazi imewahi kurudishwa. Mbona hukuniambia?"

"Ungeiuza."

Sylus alichukua chuma kingine, akaitoa nusu yake, akachonga upya. Safari hii kabari iliingia kwa kugongwa kidogo, ikatulia. Nzomo akaivuta kwa vidole, ikagoma kutoka. Akashukuru mbio mbio na kuondoka na kipande mkononi, maana ng'ombe hawaelewi habari za vipimo.

Sylus alianza kupanga zana zake taratibu, kama mtu anayeaga. Mama Koki akamshika mkono.

"Baba Wendy, ziache hapo. Kesho nitafungua karakana na nani?" Akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, shavu likawa jeusi. "Unajua kila Jumapili mimi husimama kanisani, mbele ya watu wote, nikimshukuru Mungu kwa hii mashini? Miaka yote hiyo, kumbe nilikuwa nakosea jina."

Sylus akachukua kitambaa kile kile, akatafuta upande safi, akampa ajifute shavu.