Majani Chai Katika Silinda ya Tatu

Jumamosi saa tatu asubuhi, Wakonyo alifungua boneti ya gari la Mzee Moffat kwa mara ya nne mwezi huo, akachomoa plagi ya silinda ya tatu, akaingiza koleo jembamba tunduni na kuvuta majani chai. Yalikuwa mabichi, yana umande bado, majani mawili na chipukizi, jinsi kiwanda kinavyotaka. Yalijaza kikombe, kisha bakuli, ikabidi aazime karai kwa jirani yake muuza ndizi.

"Leo ni mingi," alisema.

"Kulinyesha jana," Moffat akajibu.

Wakonyo alikuwa na gereji pale Gatitu miaka kumi na mitano, na sifa yake ilikuwa moja tu: gari linalomisi, yaani linalokohoa na kuruka mapigo, haliondoki kwake likimisi. Hili la Moffat lilikuwa linamuaibisha mbele ya mji mzima. Mashine ya kupima ilisema kila mara kwamba silinda ya tatu haiwaki. Alifanya wanavyofanya mafundi wote: plagi ya tatu akaipeleka ya pili, ya pili akaileta ya tatu, aone kama ugonjwa utahama nayo. Haukuhama. Akahamisha koili, akahamisha na nozeli, nao ukakaa palepale kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki iliyopita walifunga injini nyingine kabisa, iliyonunuliwa mjini Kenol. Ilinguruma vizuri mpaka nyumbani kwa Moffat, Tetu. Asubuhi yake ilikuwa ikikohoa, na ndani mna majani.

Majani yenyewe hayakumsumbua Wakonyo, kwa kuwa fundi hutoa mengi ndani ya injini. Kilichomchanganya, hata akawa anapika ugali bila kuwasha jiko, ni kwa nini iwe ya tatu siku zote.

"Mzee, hii kitu ilianza lini hasa?"

"Siku ile savea alikuja kupima shamba na kupanda bikoni za mipaka. Niligawia vijana wangu. Mburu, Wamae, Ngatia, kila mtu ako na yake sasa."

"Na majani kwa hiyo shamba huchunwa na nani?"

"Nyawira, msichana wangu. Alirudi kutoka kwa bwana, sasa ni miaka kumi na mbili. Ni yeye huchuna."

"Ni wa ngapi kuzaliwa?"

Moffat alihesabu kwa vidole, ingawa watoto wanne hawahitaji vidole. "Mburu, Wamae, Nyawira, Ngatia. Ni wa tatu."

"Yeye ulimkatia wapi?"

"Ngatia anasema ati atoke mwisho wa mwezi. Anataka kujenga hapo kwa nyumba ya dadake."

Wakonyo akaweka koleo chini. "Basi gari yako haina shida, mzee. Katia Nyawira pahali pake, itawaka."

Alijisikia mwepesi, kama fundi yeyote aliyeushika ugonjwa mkononi. Moffat hakukasirika wala hakubisha. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaifikiria habari hiyo kwa heshima.

"Bikoni zilishapandwa," alisema. "Hakuna spea ingine unaweza kuweka?"

"Hakuna."

"Na hizo zingine tatu zinaweza kunifikisha mjini?"

"Zitakufikisha. Lakini itakunywa petroli, na kwa mlima itakusumbua."

"Wacha ikae hivyo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Wakonyo alitamani kumtupia ile plagi. Badala yake aliipangusa na kuirudisha, na hilo lilimuudhi siku nzima.

Jumamosi iliyofuata Moffat alikuja na Nyawira mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyeusi kwa utomvu, amebeba vikapu viwili. Wakonyo alipovuta majani, Nyawira aliyapokea, akayapekua, akatupa moja lililokomaa.

"Hii ni ya laini ya juu," alisema, "hapo karibu na jikoni yangu."

"Ni yako hii," Wakonyo akamwambia. "Imekufuata yenyewe."

Nyawira alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akiitazama barabara.

Vikapu vilipojaa, Wakonyo alipanda nyuma ili aisikilize injini njiani. Iliruka pigo lake mpaka kwenye kituo cha kununulia majani chai kule Tetu. Karani alipima, akapata kilo kumi na nne, akasema hajaona majani mazuri hivyo tangu mwaka uanze. Kisha akashika kalamu, akauliza aandike kwa namba ya mkulima yupi, ndiye atakayelipwa.

Nyawira alifungua mdomo.

"Ya Ngatia," Moffat akasema, na karani akaandika.