Inua Ulimi

Fundi wa vitasa hakuwa mtu wa kuamini watu, na kazi yake ilimpa sababu. Wateja walimletea malalamiko ya kuibiwa, wakiapa kwamba mlango waliufunga, naye akiwacheka kimoyomoyo. "Uliacha wazi, kubali tu yaishe," aliwaambia. Mara nyingi alipatia, na hilo ndilo lililomharibu.

Mkewe alipokatwa titi kwa saratani na kuandikiwa vidonge vya kuzuia homoni, vya kumeza kila siku kwa miaka, Fundi alivitia kwenye kisanduku cha bati akakipiga kufuli. Kila asubuhi alimtilia kidonge kiganjani, akampa maji, kisha akawasha kitochi chake cha kuchungulia matundu ya funguo.

"Fungua. Haya, inua ulimi."

Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, akachunguliwa kama kitasa. Vidonge vile vilimpandisha joto mwilini na kumtia maumivu ya viungo, hata kushika sindano ya kushonea ikawa kazi. Alimeza. Alijiambia kwamba mumewe anamjali, na labda alihitaji kuamini hivyo.

Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Picha zikaonyesha saratani imeingia kwenye mifupa.

Fundi hakulia. Alimgeukia dada yake aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akasema mbele ya mgonjwa mwenyewe: "Alikuwa anatema huyu. Nikimpa kisogo tu, anatema. Ugonjwa haurudi hivi hivi."

"Wifi, kweli umetufanyia hivyo?" dada mtu akauliza, na kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa na habari. Mgonjwa aligeukia ukutani.

Siku ya kliniki Fundi alimshtaki mkewe kwa daktari pia. Daktari, mama mwenye sauti ya uchovu, alimwacha amalize.

"Baba, chembe za saratani yake zilikuwa zinategemea homoni ili zikue. Dawa ikazinyima. Nyingi zikafa, lakini chache zikabadilika. Sasa ile sehemu ya chembe inayopokea homoni inajiwasha yenyewe, homoni iwepo isiwepo. Tumezipima tukaliona badiliko hilo. Kwa kawaida tunalikuta kwa waliomeza dawa muda mrefu, si kwa wanaotema."

Fundi alivijua vitasa vya namna hiyo, vilivyochakaa vikawa vinafunguka bila ufunguo. Hata wenye navyo aliwaambia waliacha wazi.

"Kwa hiyo alikuwa anameza," akasema.

"Alikuwa anameza." Daktari akaandika vidonge vingine, vya kupunguza kasi tu, si vya kuponya.

Asubuhi yake Fundi alileta kisanduku bila kufuli, akakiweka mapajani mwa mkewe.

"Kaa nacho mwenyewe, mama watoto. Nimekukosea. Nisamehe." Na machozi yakamtoka.

Mkewe akatoa kidonge, akakimeza kwa maji. Kisha akakichukua kitochi mezani, akakiwasha, akamshikisha.

"Hapana, mke wangu. Basi tena."

Mkewe akafungua kinywa, akainua ulimi, akangoja. Fundi akatazama pembeni. Kinywa kikabaki wazi vilevile, mpaka akainama akachungulia.

"Umeona vizuri?" mkewe akamuuliza. "Sasa kamwite dada yako, naye aje aone."